Kubandika Herufi Kubwa ya Kichina Bila Wino Kutambaa

Juzi mwenzangu kaniletea karatasi yenye herufi moja, yong, yaani "milele", kubwa kama mlango. Anataka kuitundika kwenye maonyesho bila kioo. Nilivyomwonyesha ndivyo ninavyoandika hapa.

1. Herufi. Anza na hiyohiyo yong. Ina mivuto yote minane ya msingi ya brashi, na ndiyo inayofungua dibaji maarufu ya mkusanyo wa mashairi, aliyoiandika Wang Xizhi, bingwa wa kale wa hati za Kichina, mwaka 353. Usiniambie sanaa ya kisasa ni kumwaga wino ovyo. Kuanzia 1990, msanii wa Kichina Qiu Zhijie alinakili dibaji hiyo mara elfu juu ya karatasi moja hadi ikawa nyeusi tii. Alinakili tu.

2. Vifaa. Karatasi ya Xuan, ile laini ya Kichina ya kuandikia kwa brashi, na iwe mbichi, yaani isiyotiwa shabu. Iliyotiwa shabu hainywi wino. Brashi nene ya manyoya ya mbuzi.

3. Andika. Sakafuni, umesimama. Andika kumi, chagua moja.

4. Kubandika. Hapa ndipo nilipoharibikiwa. Xuan iliyoandikwa hujikunjakunja, kwa hiyo hubandikwa karatasi ya pili mgongoni, na lazima iloweshwe kwanza. Kazi yangu ya kwanza nililowesha tu, wino ukatambaa, herufi nzima ikazungukwa na ukungu wa kijivu. Kumbe nilitumia wino kiporo, uliolala kwenye jiwe la kusagia wino: gundi yake huharibika, haushiki tena. (Wapo wanaoutafuta makusudi kwa ukungu huohuo. Mimi simo.) Wino rahisi wa chupa, wa mazoezi ya shule, ni walewale. Saga kijiti cha wino mkavu kwa maji siku hiyohiyo.

Jaribu kwanza: gandamiza tishu yenye unyevu kwenye ncha ya mvuto mmoja. Ikitoka nyeusi, acha wiki nzima, ujaribu tena. Wino ukikataa kushika, izungushie kazi yako karatasi safi uipitishe kwenye mvuke wa sufuria, ila matone ya mfuniko yasiidondokee.

Wino ukishika, ilaze kazi kifudifudi, inyunyizie maji, sukuma makunyanzi kutoka katikati kwenda pembeni. Gundi ni uji wa wanga wa ngano, mwepesi kama maziwa. Gundi nyeupe ya mafundi seremala sitaki hata kuiona: ukikosea haibanduki, na karatasi inakuwa kama boksi. Paka mgongoni, laza karatasi ya pili, sugua kwa brashi kavu.

Kisha paka uji kingoni tu, ibandike ubaoni, acha upenyo wa mrija upulize hewa kidogo, katikati isigande. Kausha kivulini. Niliwahi kuwasha feni. Asubuhi nikaikuta imepasuka.

5. Kata kingo, tundika. Ya mwenzangu bado iko ubaoni, na feni nimeichomoa kabisa.