WordPress: rekebisha kurasa za kategoria na ule wa 404 kabla ya kupamba ukurasa wa mwanzo

Tovuti yangu, inayoendeshwa na programu ya WordPress, ni ya mapishi ya pwani: mihogo ya nazi, pweza, mkate wa kumimina, futari za kila aina. Wasomaji wake wengi hawapiti mlango wa mbele. Wanakuja na kiungo walichotumiwa WhatsApp, au Google inawashusha moja kwa moja kwenye orodha ya kategoria. Kwa hiyo ukurasa wa mwanzo naugusa mara chache sana. Nguvu zangu ziko kule wanakotua watu: kurasa za kategoria, na ule wa 404, unaotokea anwani isipopatikana.

Kwanza ujue themu yako, yaani kifurushi kinachoipa tovuti sura yake, ni ya aina gani. Fungua Appearance kwenye dashibodi. Ukikuta Editor, na ndani yake Templates, basi themu yako ni ya bloku, yaani vipande unavyovipanga bila kuandika msimbo. Mfumo huo ulikuja na WordPress 5.9, Januari 2022. Usiuchanganye na Theme File Editor, hicho ni kitu kingine kabisa. Kama Editor haipo, una themu ya mtindo wa zamani na kazi yako itakuwa kwenye mafaili ya PHP, yaani ya msimbo.

Wenye themu ya zamani, msiguse mafaili ya themu mama (ile mliyosakinisha) hata herufi moja, maana siku ikisasishwa kila mlichoandika kinafutika. Tengeneza themu mtoto: folda yenye faili la style.css, ambalo juu yake lina jina la themu yako na mstari wa Template unaotaja folda ya themu mama. Halafu nakili humo archive.php na 404.php, uhariri nakala hizo.

Sasa kategoria. WordPress hutafuta faili kwa ngazi. Msomaji akifungua kategoria ya samaki, inaanza na category-samaki.php, isipolipata inatafuta lenye namba ya kategoria hiyo, kisha category.php, kisha archive.php, na mwisho kabisa index.php. Maana yake ni kwamba samaki wanaweza kuwa na sura yao bila kuvuruga vitafunio. Kwenye themu ya bloku unaongeza kiolezo kipya ndani ya Templates, unachagua kategoria unayoitaka, basi.

Cha kuondoa mapema ni lile neno Category linalotangulia jina. Ukurasa wa Kiswahili ulioandikwa "Category: Samaki" unaonekana kama nyumba isiyopigwa rangi upande mmoja. Kwenye bloku ya kichwa cha orodha kuna swichi ya kulificha. Themu ya zamani, weka mstari huu kwenye functions.php ya themu mtoto:

add_filter( 'get_the_archive_title_prefix', '__return_empty_string' );

Unafanya kazi kuanzia WordPress 5.5. Kisha nenda kwenye kategoria yenyewe ujaze maelezo, sentensi mbili tatu. Themu nyingi huyaonyesha chini ya kichwa. Chini yake weka muhtasari wa kila pishi na picha ndogo, si makala nzima. Msomaji anayenunua bando la siku hana sababu ya kupakua picha kubwa kumi ili achague moja.

Orodha za makala kwa miezi mimi nimezitoa kabisa pembeni. Gazeti linazihitaji, mapishi hayazihitaji. Anayetaka futari hakumbuki niliandika mwezi gani, na Ramadhani yenyewe hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Kategoria moja ya Ramadhani inamaliza maneno.

Ukurasa wa 404 ndio unaotaka fikra zaidi. Wengi huuacha na ujumbe wa Kiingereza uliokuja na themu, au wanaweka kikaragosi kikubwa cha kuchekesha. Mtu aliyekosa pishi saa kumi na moja jioni, mwezi wa mfungo, hataki kuchekeshwa. Wangu unasema hivi:

"Pishi hili halipo hapa. Huenda anwani imekosewa au tumelihamisha. Andika hapa chini unachotaka kupika."

Kisha kisanduku cha kutafutia, kisha orodha ya kategoria. Kwa PHP ni get_search_form() na wp_list_categories(). Kwa bloku, chagua ya kutafutia na ya kategoria. Usiongeze mengine. Roboti zinazopekua tovuti kutafuta mafaili yasiyokuwepo huugonga ukurasa huu kila mara, na kila picha au orodha ya ziada ni mzigo kwa seva yako.

Usikubali ushauri wa kuwapeleka wote waliopotea kwenye ukurasa wa mwanzo. Msomaji anabaki hajui kilichotokea, na Google nayo inaweza kuuhesabu kama kosa lililofichwa. Andika anwani ya ovyo kwenye tovuti yako, fungua zana za msanidi za kivinjari, sehemu ya Network, uone kama jibu la kwanza ni 404. Likiwa 200 (ukurasa umepatikana) au 301 (umehamishwa), huenda kuna plagini, yaani programu ya nyongeza, inayoingilia.

Makala zako zote zikianza ghafla kutoa 404, usihangaike na kiolezo. Nenda Settings, Permalinks, ubonyeze kuhifadhi bila kubadili chochote. Mara nyingi hiyo inatosha.

Kiungo kilichokatika mwisho, WordPress hujaribu kukikisia kwa herufi za mwanzo, na makala uliyoibadilishia anwani huikumbuka. Kategoria haiikumbuki. Ukigeuza "vitafunwa" kuwa "vitafunio", viungo vyote vya zamani vinakufa. Hapo tumia plagini ya Redirection kuelekeza anwani ya zamani kwa mpya, kwa 301. Plagini hiyo pia inaweza kurekodi kila 404. Iache irekodi kwa muda, shughulikia anwani zinazojirudia, kisha uzime kurekodi, kwa sababu kila ingizo linajaza hifadhidata.