Trekta Likigoma Kunyanyua Jembe, Pimeni Maji Kwenye Oili Kabla ya Kununua Pampu

Kila unapokaribia msimu wa kuchimba na kuburuga katika mabonde ya mpunga, wenye matrekta ya zamani, hasa Massey Ferguson 135 na 165, huniletea lalamiko moja: mikono ya nyuma ya kunyanyulia jembe inapanda kwa kusitasita, inatetemeka ikibeba mzigo, au inagoma kabisa. Nikifika shambani nakuta kosa limeshatendeka. Oili mpya imemiminwa juu ya oili iliyoingia maji, na ilipokuwa haikuleta nafuu, mfuniko umefunguliwa, pampu ya zamani imetolewa na mpya imenunuliwa. Pampu hiyo nayo hunywa maji yale yale.

Katika matrekta haya pampu ya haidroliki, inayosukuma oili ili mikono ipande, haikai nje ambako mtu anaweza kuiona. Imo ndani ya mwili wa trekta, imezama katika oili ile ile inayolainisha gia na difu. Kwa hiyo maji yakiingia sehemu yoyote ya mwili huo, pampu ndiyo itakayoyavuta. Maji hayalainishi chuma, hutia kutu kwenye vali ambazo zimesagwa zikalingana kwa wembamba wa unywele, na yakikorogwa na gia hugeuza oili kuwa povu. Povu lina hewa, na hewa hubonyea, ndiyo maana mikono inatetemeka badala ya kupanda kwa nguvu moja.

Wengi huniambia kuwa maji hayawezi kuingia kwa sababu trekta halikuzama. Si lazima lizame. Trekta lililofanya kazi tangu asubuhi huwa la moto, na linaposhuka kwenye jaruba lenye maji yanayofika kwenye ekseli, chuma hupoa ghafla, hewa iliyomo ndani hunywea, na mwili wote huvuta kutoka nje kupitia sili zilizochakaa za shafti ya PTO (ile ya nyuma inayozungusha vifaa) na za ekseli. Njia nyingine ni mpira uliochanika chini ya mkono wa gia, wakati trekta linapolala nje usiku kucha katika mvua za masika.

Kipimo ni rahisi, lakini wakati wake ndio mnaoukosea. Liegesheni trekta mahali palipo sawa, mikono ikiwa imeshushwa hadi chini, na mliache lilale usiku mzima bila kuwashwa. Asubuhi, kabla ya kugusa swichi, legezeni taratibu nati ya kumwagia oili iliyo chini kabisa, mkinge nusu lita katika chupa nyeupe ya maji ya kunywa, kisha kazeni. Mkiwasha injini hata kwa dakika mbili, maji yaliyotuama yatachanganyika tena na kipimo kitakuwa kimeharibika, nanyi mtasema hakuna kitu. Iacheni chupa ikae wima kivulini kwa saa moja. Maji yakijitenga chini, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jibu mmelipata.

Mwaka jana nilikuwa na dereva mmoja wa bonde la mpunga la Cheju, Unguja, aliyekuwa ameshabadilisha pampu, na ugonjwa ukamrudia baada ya siku nane. Tulikinga chupa, tukaiweka juu ya boneti ya trekta, naye akaikodolea macho bila kusema neno: vidole vitatu vya maji ya rangi ya tope chini, oili ya kijivu juu, na katikati utando mwembamba kama maziwa yaliyoganda. Fedha alizonunulia pampu zingetosha kununua oili ya kubadilisha zaidi ya mara moja.

Mkiyaona maji, msiongeze chochote. Mwageni maji yaliyotuama kwanza, kisha endesheni trekta kwa dakika 20 hadi 30 ili oili ipate moto na iinue uchafu, halafu mwageni yote. Trekta hizi zina nati za kumwagia zaidi ya moja, kwenye gia boksi na nyuma kwenye difu, na anayefungua moja tu huacha lita kadhaa za maji ndani. Chujio la pampu lisafishwe au libadilishwe siku hiyo hiyo, na sili iliyopitisha maji ibadilishwe kabla ya oili mpya kutiwa. Kwenye 135 huingia takriban lita 30, kwa hiyo anayekuja dukani na galoni moja ya lita tano ajue anajidanganya. Baada ya saa mbili za kazi nyepesi pimeni tena kwa chupa, na kama bado ni kijivu, mwageni tena. Najua ni ghali, lakini mara ya pili ndiyo inayookoa pampu.

Oili iwe ile ya trekta ya kutumika pamoja kwenye gia na haidroliki, ambayo kopo lake huandikwa UTTO. Oili nzito ya difu namba 140 hulemea pampu ikashindwa kuivuta. Na nawasihi, acheni kabisa kumimina oili ya breki humo. Inavimbisha mipira, na trekta lililokuwa na tatizo moja hupata matano. Kina kipimwe injini ikiwa imezimwa kwa dakika 15, kwa kijiti kilichoko ubavuni karibu na mguu wa kulia wa dereva, kifutwe, kirudishwe, kisomwe mara ya pili.

Kama chupa imetoa oili safi na kina kimetimia, hakikisheni mkono wa PTO umeingizwa, kwa kuwa kwenye 135 pampu huzungushwa na shafti hiyo, na klachi ikikanyagwa mpaka chini nayo husimama. Jembe likipanda vizuri lakini likashuka lenyewe mara injini inapozimwa, msikimbilie kuilaumu pampu. Mara nyingi ringi au sili ya silinda ndiyo inayovuja, na fundi aambiwe hivyo kabla hajafungua.

Kazi hizi zote zifanywe jembe likiwa limelala chini. Jembe la sahani lina uzito wa mamia ya kilo na halishikiliwi na kitu isipokuwa oili hiyo tunayoizungumzia. Mpira wa oili ukivuja, msitafute tundu kwa kidole: oili yenye shinikizo hupenya ngozi kama sindano, na aliyepenywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo hata kama jeraha ni nukta tu.

Mikono ikipanda bila kutetemeka, kazi imekwisha. Wakati wa kuburuga rudieni kipimo cha chupa kila wiki, bila kungoja saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha trekta, ambazo hazikuhesabiwa kwa chombo kinachoshinda majini. Oili chafu ikusanyeni kwenye madumu. Ikimwagwa bondeni huishia kwenye majaruba yenu na visima vya majirani.