Kabla ya kadi ya harambee: maandalizi ya familia inayokwenda umisheni Chad

Sisi Wakenya tunajua kuchanga. Mtu akifiwa leo, kikundi cha WhatsApp kinaundwa kabla mwili haujafika mochari, na kufikia Alhamisi bili ya hospitali imelipwa. Harusi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana familia ikitangaza kwamba Mungu ameiita kwenda Chad, jambo la kwanza kumjia kila mtu akilini ni harambee: kadi, mgeni wa heshima, kwaya tatu, na keki inayopigwa mnada mpaka inazidi bei ya mbuzi. Nimekaa kwenye kamati ya umisheni ya kanisa letu miaka ya kutosha kuona familia mbili zikisindikizwa uwanja wa ndege kwa nyimbo, na moja ikirudi kabla ya miaka miwili kwa kukosa kodi ya nyumba. Harambee yao ilikuwa kubwa. Ilileta pesa za tikiti, za masanduku na za miezi mitano. Mwezi wa sita hakukuwa na kwaya wala mgeni wa heshima, na hakuna aliyetuma.

Haya yanayofuata ni ya kufanywa kabla kadi haijachapishwa. Nachukua mfano wa baba, mama na watoto watatu wanaokwenda N'Djamena, mji mkuu wa Chad, kwa kuwa ndiyo safari ambayo hesabu zake zimenikosesha usingizi. Anayekwenda Madagaska au Thailand atabadilisha majina ya vitu tu.

Anzeni na madeni, tena kabla hamjamfikia mchungaji. Mkopo wa sacco una wadhamini, na wadhamini wenyewe ni walimu wenzako, jirani, pengine mzee mmoja wa kanisa. Ukiondoka na marejesho yakakwama, watakatwa wao, na siku hiyo habari za wito wako zitakuwa zimekwisha mtaa mzima. Angalieni na upande wa pili: ninyi mmemdhamini nani? Akishindwa kulipa mkiwa N'Djamena, mtakatwa ninyi. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, nayo haisahau mtu, awe Nakuru au ukingoni mwa jangwa. Mwenye deni dogo alimalize. Mwenye deni kubwa aliweke wazi kwenye bajeti, au aahirishe safari mwaka mmoja.

Kuna deni jingine lisilo na karatasi. Ni ile elfu tano ya mama kijijini kila mwezi, karo ya mdogo wako, dawa za presha za baba. Familia nyingi huuficha mzigo huu zikiogopa kuonekana zinachangisha pesa za ukoo kwa jina la Injili. Halafu pesa hutoka vilevile, zikimegwa kwenye chakula cha watoto. Andikeni mstari mmoja, "wazazi", na kiasi chake. Mchangiaji wetu ataelewa mstari huo upesi kuliko mwingine wowote, kwa maana naye anao wake.

Kisha kanisa linalowatuma. Barua yenye muhuri ni rahisi kupata, na peke yake haifai kitu. Waulizeni wazee maswali ya kuudhi kidogo. Nani atapokea simu yetu saa nane usiku mtoto akiwa na malaria kali? Mchungaji akihamishwa, ahadi ya kanisa itahama naye? Mchango wetu uko kwenye makadirio ya mwaka, au unategemea sadaka ya Jumapili moja? Kama jibu la swali la mwisho ni "Bwana atatoa", rudini nyumbani mkaombe, kisha mwende kuuliza tena.

Bajeti ziwe mbili na zisichanganywe. Ya kwanza ni ya kuondoka: pasipoti, viza na vibali, cheti cha mwenendo mwema, tikiti tano (njia ya kawaida ni kupitia Addis Ababa), chanjo ya homa ya manjano, ambayo siku hizi cheti chake ni cha maisha mradi usikipoteze, kodi ya nyumba ya kulipa mbele, vitanda, jiko. Ongezeni sola na betri. Umeme wa N'Djamena hukatika sana, na kati ya Machi na Mei joto hupita nyuzi 40. Feni si anasa pale. Hii ndiyo bajeti ambayo harambee inaiweza, na ifanyiwe harambee bila kuona haya.

Ya pili ni ya kukaa, na ndiyo inayorudisha watu. Chad haina bahari. Bidhaa nyingi za dukani zimesafiri kwa lori kutoka bandari ya Douala, Kamerun, na bei yake inakueleza urefu wa barabara. Shule ni kichwa cha kuuma: lugha rasmi ni Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo mtoto aliyeishia darasa la nne kwa Kiingereza atahitaji shule ya gharama, au masomo ya nyumbani ambayo yatakula muda wa mzazi mmoja. Wapo wanaowaacha watoto bweni huku nyumbani. Mimi siwashauri, ila hilo ni lao na watoto wao. Wekeni pia akiba ya uzeeni, hata ikiwa ndogo, na fungu la tikiti za kurudi lisiloguswa kwa lolote.

Halafu kuna jambo ambalo kamati yetu ililisahau kabisa, nami nikiwa mjumbe: thamani ya shilingi. Chad inatumia faranga ya CFA, iliyofungwa kwenye yuro, yuro moja kwa faranga 655.957. Faranga haitikisiki mbele ya yuro. Inayotikisika ni shilingi yetu. Ipimeni kwa dola, tuliyoizoea: mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 123. Januari 2024 ilifika 160, kisha kabla ya mwaka kwisha ikarudi karibu na 130. Sasa pigeni hesabu. Mchango wa shilingi 100,000 kwa mwezi ulikuwa dola 813 hivi. Mwaka mmoja baadaye, shilingi zile zile zilikuwa dola 625. Hakuna mshirika aliyevunja ahadi, na bado karibu robo ya posho imeyeyuka. Tangu hapo nikiona bajeti ya kila mwezi naongeza asilimia 25 juu yake. Wajumbe wenzangu huniambia nina imani haba.

Bima ya afya nayo isiachwe ya mwisho. Usitarajie SHA, bima ya afya ya serikali yetu, ikulipie kitanda N'Djamena. Tafuteni bima ya nje ya nchi inayohusisha pia kusafirishwa kwa dharura, na muulize mkiwa mmeshika kalamu: ndege ya wagonjwa itampeleka wapi, na nani anatakiwa kusaini? Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, alifika Mombasa mwaka 1895, na Desemba 1896 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Kazi aliyoianza nusura ifungwe. Miaka ile hapakuwa na bima ya kununua.

Sasa swali la nani atatoa. Tuseme hesabu imefika shilingi 180,000 kwa mwezi. Ukiitazama kama mlima utakata tamaa, ivunje vipande. Watu 60 wa elfu moja moja ni 60,000. Watu 20 wa elfu mbili ni 40,000. Makanisa manne ya elfu kumi na tano ni 60,000. Rafiki wanne wa elfu tano wanaziba pengo. Jumla ni majina 88, si watu elfu. Je, mnayo majina 88 ambayo hayatashangaa mkipiga simu? Yaandikeni kwenye daftari: mliosoma nao, wa chama chenu, wa fellowship ya chuo, wa kazini, shangazi zenu, hata yule fundi aliyeezeka nyumba yenu na hupenda kuuliza mahubiri yalihusu nini. Msimruke mtu kwa kudhani ni maskini. Msimrundikie mtu kwa kudhani ni tajiri. Huyo ameombwa na wengine kumi na wawili wiki hii.

Kuomba kwenyewe kuna mabishano ya zamani. Hudson Taylor, aliyeanzisha umisheni wa China mwaka 1865, alikataa kabisa kuomba watu pesa. Wamoravia wa kwanza waliotumwa, mwaka 1732, walikwenda kisiwa cha St. Thomas, Karibiani, wakitegemea ufundi wao, mmoja mfinyanzi na mwenzake seremala. Mtume Paulo alishona mahema Korintho, akapokea misaada ya Wafilipi, na akawaandikia Warumi waziwazi kwamba anatumaini watamsafirisha kwenda Hispania. Kwa hiyo kama una taaluma, uuguzi, ualimu, kuchimba visima, ifikirie kwa dhati. Huenda ikawapatia na kibali cha kukaa. Ila msijidanganye kwamba mshahara wa huko utatosha nyumba nzima, na msiwahukumu wanaoomba. Mimi naona njia za Paulo zilikuwa tatu, na alijua lini atumie ipi.

Mkishaamua kuomba, ombeni kwa adabu ya kwetu. Posa haipelekwi na bwana harusi peke yake, ana washenga. Mzee mmoja wa kanisa anayeheshimika akitangulia kusema, ninyi mtakuwa mmebakiwa na kueleza kazi. Nendeni nyumbani kwa watu, ana kwa ana, hata kama ni kikombe kimoja cha chai Ijumaa jioni. Taja kiasi. "Tusaidie chochote" humpa mtu ruhusa ya kutoa mia mbili mara moja na kulala usingizi mzuri, "Tunatafuta watu sitini wa elfu moja kila mwezi kwa miaka mitatu, unaweza kuwa mmoja?" humfanya akune kichwa. Akisema hapana, mshukuruni na mmalize chai. Akisema atawaombea, mwandikeni kwenye orodha ya maombi, mtumieni barua kama wengine. Na jamani, msimwambie mtu kwamba anapanda mbegu itakayomrudishia nyumba na gari. Mavuno yasipokuja, atawadai ninyi.

Picha pia zina adabu. Wachadi ni wenyeji wenu wa kesho, wengi wao Waislamu, na simu wanazo. Msiandike kadi mkiwaeleza kama watu wa giza wasio na akili ili mfuko ujae. Barua yenu itasomwa na jirani yenu wa N'Djamena, hilo lichukulieni kuwa hakika.

Pesa zisipite kwenye namba ya simu ya baba. Laini ya mtu ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000, na haipokei zaidi ya 250,000 kwa muamala mmoja, lakini sababu kubwa ni maneno ya watu. Paulo mwenyewe, akipeleka mchango Yerusalemu, alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili asilaumiwe. Fungueni akaunti chini ya kanisa au shirika linalowatuma, waweka saini angalau wawili, na hata mmoja asiwe shemeji yenu. Tangu Oktoba 2024 ipo M-Pesa Ratiba, ambapo mtu hupanga malipo yajirudie yenyewe kila mwezi. Wasaidieni washirika kuiweka pale pale mezani, chai ikiwa bado moto. Watu wetu wengi hawakatai kutoa, wanasahau.

Waambieni mapema mwaka wa kwanza utakavyokuwa. Mtakuwa mnajifunza Kiarabu cha Chad, mkichekwa sokoni na watoto. Hakutakuwa na picha za ubatizo. Mshirika asiyejua hili atauliza mwezi wa nane, "Kwani wanafanya nini huko?", na mwezi wa tisa atanyamaza, ambayo ni mbaya zaidi. Afadhali barua fupi kila mwezi, iliyo na kosa moja la lugha lililowachekesha, kuliko taarifa ya kurasa sita kila Krismasi.

Tikiti msinunue kwa nguvu ya ahadi. Subirini mweka hazina aonyeshe miezi mitatu mfululizo ambayo kiasi chote cha kila mwezi kimeingia kweli, ninyi mkiwa bado Kenya. Miezi hiyo mitatu itawaumiza, kazi mmeacha na watu wanauliza mbona hamjaondoka. Ikiingia, wekeni yote kama akiba ya dharura.

Na laini zenu za Safaricom msizikate. Ziondoke nanyi zikiwa na roaming, ziwekwe salio mara kwa mara, maana laini isiyotumika hufungwa, na ujumbe wa siri wa benki hutumwa kwenye namba ile ile mliyoiacha kwenye droo ya dada yenu.