Jinsi ninavyokagua mapafu ya kundi langu Kibo

Ninaongoza watalii njia ya Marangu, Mlima Kilimanjaro. Tukifika kambi ya Kibo, mita 4,720, nasikiliza pumzi za watu kabla hata ya chai.

Oksijeni ikipungua, mishipa ya damu sehemu nyingine za mwili hutanuka, lakini ya mapafu hujibana. Ikijibana kupita kiasi, shinikizo hupanda na maji huvujia kwenye vifuko vya hewa. Wanaume hupatwa na hali hii zaidi ya wanawake. Katika majaribio ya wanyama, estrojeni, homoni ya kike, imeonekana kupunguza kujibana huko, na projesteroni, homoni nyingine ya kike, huchochea upumuaji. Ndiyo maana naanza na vijana wa kiume, hasa wanaopenda kutangulia mbio na kusema "niko poa". Ila usimruke mwanamke. Naye anaweza kujaa maji. Wapagazi wakague pia, maana wengine hunyamaza wakiogopa kukosa ujira.

Mkalishe mtu apumzike. Akiendelea kuhema, muulize kama ana kikohozi kikavu, tazama midomo kama imegeuka bluu, kisha weka sikio mgongoni usikie kama kuna mkoromo wa maji. Namba ya kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha oksijeni kwenye damu, ilinganishe na ya wenzake wa kundi lilelile. Ambaye namba yake iko chini sana ya zao ndiye wa kushughulikia.

Dalili zikiwepo, mpe oksijeni na mteremshe usiku huohuo hadi kambi ya Horombo, mita 3,720. Asibebe chochote, apate joto, na akishindwa kutembea abebwe kwa machela. Usingoje makohozi ya povu lenye damu.