Jinsi ya kusoma vibonzo vya skendo za waigizaji wa London ya zamani, hatua kwa hatua

Mi kazi yangu kuchora vibonzo, na kila nikiwaonyesha vijana kazi za James Gillray, mchora vibonzo wa London enzi hizo, wanacheka sura halafu wanapita, utamu wote wanauacha hapohapo. Leo twende na kibonzo chake cha 1791, The Lubber's Hole, British Museum wanacho mtandaoni, kifungue ukikuze mpaka maandishi yasomeke.

Hatua ya 1: anza chini, achana na sura kwanza. Kuna kamstari kana tarehe na jina la mchapishaji, hapa ni Hannah Humphrey, yule mama mwenye duka ambaye dirisha lake lilikuwa linajaza watu nje. Kamstari hako siyo urembo, sheria ya 1735 aliyoipigania mchoraji William Hogarth ilitaka tarehe na jina viwepo kwenye bamba la kuchapia ili kazi isiibiwe. Ukishapata tarehe jiulize siku hizo udaku wa mjini ulikuwa upi. Huu ulikuwa wa Dorothy Jordan, staa wa komedi wa Drury Lane, ukumbi wa maigizo wa London, kumbe yuko na Duke wa Clarence, mtoto wa mfalme kabisa!

Hatua ya 2: jina limechezewaje? Hapa ndo penyewe. Kiingereza cha mtaani enzi hizo "jordan" ni kile chombo cha kukojolea usiku, cha uvunguni. Basi Gillray hata uso wa yule dada hakuuchora, kachora lichombo likubwa lina miguu ya mwanamke na lina ufa, Duke kazamisha kichwa humo kwenye ufa. Na lubber's hole ni tundu la kwenye mlingoti wa meli wanalopitia mabaharia waoga, na Duke alikuwa mwanamaji, kwa hiyo katukanwa na yeye. Ni matusi, siyatetei, ila kama fundi nakubali kwamba hakuna mstari uliopotea.

Hatua ya 3: nani anatoka jasho? Linganisha na kibonzo kingine cha Gillray, La Promenade en Famille ya 1797, Duke anakokota kigari cha watoto kahema balaa, Bi Jordan anatembea pembeni anajisomea sehemu yake ya mchezo, maana mjini walikuwa wanatania kwamba mshahara wa jukwaani ndo unamlisha bwana. Walizaa watoto 10 bila ndoa, na jamaa akaja kuwa mfalme 1830.

Hatua ya 4: rangi usiziamini. Zilipakwa kwa mkono kopi mojamoja. Niliwahi kuandika aya nzima kuhusu koti jekundu, kesho yake nikakutana na kopi nyingine koti la bluu, nikafuta kimyakimya.

Zoezi: tafuta vibonzo vya mwigizaji Edmund Kean vya Januari 1825, alipoamriwa na mahakama alipe fidia ya pauni 800 kwa kutembea na mke wa diwani Cox, wiki moja baadaye kapanda jukwaani watu wakamzomea. Anza na kamstari ka chini.