Kutafuta kazi ukiwa na usonji: hatua tulizopitia Tabora

Nina steshenari Kanyenye, Tabora mjini. Natoa kopi, nachapa barua, na nusu ya siku yangu huishia kuwajazia watu maombi ya kazi. Mwaka jana mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na mwanawe mwenye usonji (kwa Kiingereza, autism), aliyesomea utunzaji kumbukumbu. Mpe kabati la mafaili yaliyovurugika, ukirudi baada ya saa moja hulitambui. Muulize maswali mawili kwa mpigo, atatazama ukuta. Alishaitwa kwenye usaili mara mbili, na mara zote mbili hakumaliza dakika tano.

Tangu hapo wamenijia wengine watatu wenye ulemavu tofauti, nikachoka kurudia maneno yaleyale. Nimeyaandika.

Hatua ya 1: Makaratasi

Namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, barua pepe ambayo nywila yake mnaikumbuka. Haya mnayajua. Majina yakipishana hata herufi moja, nendeni kwa wakili mkaandikishe kiapo kabla tangazo halijatoka.

Hatua ya 2: Mtaani

Nendeni kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa, kisha kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, jina liingie kwenye orodha ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeweka kamati zao kuanzia kijiji na mtaa hadi halmashauri. Wazazi wengi huona haya kumwandikisha mtoto, nami siwalaumu. Ila nafasi zikija, anayetafutwa ni aliye kwenye orodha.

Hatua ya 3: Barua ya daktari

Hapa tulipoteza karibu miezi miwili.

Anayetembelea magongo haulizwi mengi. Usonji hauonekani. Kituo cha kwanza tulichokwenda, aliyetupokea alimtazama kijana juu mpaka chini, akamgeukia mama yake: "Mama, huyu mbona mzima?" Tukarudi. Safari ya pili tulipewa barua ya mstari mmoja: "Ana tatizo la akili." Barua ya namna hiyo afadhali msiwe nayo. Usonji si ugonjwa wa akili. Ni namna ubongo unavyokua na kufanya kazi tangu utotoni. Mwajiri akishaona maneno yale, cheti chako hakifungui tena.

Safari ya tatu tulijipanga. Ombeni rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu ni Kitete, muulizie kitengo cha afya ya akili. Jina la kitengo lisiwatishe. Bebeni kadi ya kliniki ya utotoni kama ipo, ripoti za shule ya msingi, na karatasi aliyoandika mzazi: mtoto alianza kusema lini, nini humvuruga, nini anakiweza kuliko wenzake. Iandikeni taratibu kwa wiki nzima. Ukingoja kukumbuka mbele ya daktari, utakumbuka ukiwa kwenye bodaboda ya kurudi nyumbani. Aende mtu aliyemlea, si binamu mwenye nafasi siku hiyo. Na muwahi asubuhi, maana kelele za foleni humchosha kijana kabla hajaingia.

Barua ibebe mambo matatu: jina kama lilivyo NIDA, hali yenyewe kwa jina lake, na mahitaji ya mhusika kazini na kwenye usaili. Hilo la tatu ndilo lenye kazi, na ndilo linalosahaulika. Yetu iliandikwa hivi: aulizwe swali moja moja, maswali apewe kwa maandishi, apewe muda kabla ya kujibu, kutokumtazama mtu usoni kusichukuliwe kuwa ni dharau. Daktari hawezi kuyabuni hayo, hajaishi naye. Yaandikeni nyumbani, mpelekeeni ayapime.

Mkishapewa, hakikisheni tarehe ipo na mhuri unasomeka. Toeni kopi tano. Ya asili haiingii kwenye bahasha ya maombi hata mkibembelezwa.

Hatua ya 4: Ajira Portal

Huu ni mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali. Tumieni kompyuta. Najua simu nayo inakubali, msibishane nami. Vyeti viskaniwe, visipigwe picha mezani na kivuli cha kidole juu yake. Someni tangazo lote: kwa kawaida barua ya maombi hutakiwa iwe na sahihi, na karatasi ya matokeo haipokelewi badala ya cheti.

Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu waainishe hali yao kwenye mfumo. Ainisheni. Kijana wetu alikuwa akiparuka pale kwa aibu, halafu tunashangaa hakuna aliyejua.

Hatua ya 5: Waajiri binafsi

Sheria ileile ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Msiingie mlangoni mkiipeperusha. Pelekeni barua kwa mkono, nakala yenu igongwe mhuri wa kupokelewa. Ombeni kijana ajaribiwe kwa kazi yenyewe, siku mbili tatu, badala ya mahojiano matupu. Mikono yake ndiyo inayomsemea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi. Mambo yakifika huko, ile nakala yenye mhuri mtaitafuta.

Hatua ya 6: Asiye na cheti

Muulizeni Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu Luanzari, chuo cha ufundi kwa watu wenye ulemavu, kipo hapahapa Tabora. Anayetaka biashara amwone Afisa Maendeleo ya Jamii: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, 2 ni za watu wenye ulemavu.

Kijana wetu aliitwa tena. Alipoingia, kabla ya kukaa, aliweka kopi ya barua mezani. Wakamwandikia maswali. Alikaa ndani dakika arobaini, mama yake nje anazihesabu. Majibu bado. Kwa sasa Jumanne huwa yuko dukani kwangu. Amepanga upya rafu zote, na ya juu amenikataza kuigusa.