Mbwa anatapika na kuharisha: asubiri kesho au aende kwa daktari sasa hivi?

Mbwa wa shamba hula mengi: mzoga, makombo ya sherehe, hata kondo la ng'ombe aliyezaa usiku. Mbwa aliyekomaa akitapika mara moja kisha akaendelea kubweka na kukufuata, usihangaike. Mpumzishe chakula kwa saa 12, mwekee maji safi, halafu mwanzishie wali laini.

Usipime ugonjwa kwa wingi wa choo, mtazame mbwa mwenyewe. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole. Utageuka mweupe, nao urudie rangi yake ndani ya sekunde 2. Ufizi ukichelewa kurudia rangi, au ukiwa umepauka na kunata, huyo ni wa daktari leo hii. Mwenye ufizi mweusi mkague ndani ya kope la chini. Lakini mbwa anayechuruzika udenda, taya limelegea au tabia imebadilika ghafla, usimguse mdomo kabisa: huenda ni kichaa.

Mtoto wa mbwa hasubirishwi. Akitapika, akiharisha damu yenye harufu kali na kugoma kula, fikiria kwanza parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Kinachomuua upesi ni kuishiwa maji, kwa hiyo anahitaji dripu. Wengi hudhani chanjo ya kichaa inatosha, haizuii parvo. Ya parvo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Na virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hivyo usilete mtoto mwingine asiyechanjwa kwenye banda lilelile.

Hatari kuliko zote ni tumbo kujipinda, hasa kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu kama German Shepherd. Tumbo hukaza kama ngoma, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, hatulii. Hapo una saa chache tu, na usiku si kisingizio.

Akitetemeka na kutoa udenda baada ya kulamba dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ukijua amekula sumu ya panya, ondoka na chupa au pakiti yake. Usimlazimishe kutapika, wala usimnyweshe maziwa au mafuta. Dawa zetu za maumivu, diclofenac na ibuprofen, humtoboa tumbo. Mpigie daktari wa mifugo kabla hujatoka, umweleze umri, chanjo na alianza lini.